Mwalimu Aliyenifanya Baba Yake

Mwalimu alikuwa na umri wa mama yangu, pengine kumzidi, lakini kila alipoingia stoo alisimama mlangoni, akaweka mkoba chini, akaniamkia: "Shikamoo Baba."

Hakuwa mgonjwa. Wala sitasema alikuwa akinitania, labda kama utani unaweza kufanywa bila kucheka hata kidogo. Shida ilikuwa yangu. Kumwitikia marahaba mwanamke wa makamo yale ni jambo ambalo ulimi wangu wa Mombasa ulilikataa. Basi tukaelewana hivi: yeye ataniamkia, mimi nitaitikia upesi upesi kama mtu anayemeza dawa chungu, halafu nitamwamkia mimi, naye ataitikia kwa raha zake. Wapakizi wa Kichina walidhani ndivyo tunavyosalimiana sote. Mmoja wao mpaka leo akiniona huniamkia, hujiitikia mwenyewe, kisha hubeba kasha lake akaenda.

Ubaba wenyewe niliupata kwa sababu ya ufunguo. Stoo yetu hapa Guangzhou ni ya kago. Wafanyabiashara wa kutoka kwetu wananunua vitu mtaa wa Yide Lu na kwingineko, midoli, rula, vyakula vikavu, wanavileta kwetu, tunavipima, tunavifunga, na lori linavipeleka bandari ya Nansha. Mimi ndiye ninayeshika ufunguo, na ndiye ninayeandika maki. Maki ni alama ya mwenye mzigo: jina lake la mkato, mji unakokwenda, na namba ya kasha, kwa brashi na wino mweusi, herufi kubwa za kusomwa na kuli mwenye haraka. Mimi mwenyewe nina maki yangu, ZUU MSA, kwa vitu vidogo vidogo ninavyomtumia shangazi dukani kwake. Elimu yangu ni kidato cha nne, na hicho chenyewe nilikimaliza nikitazama dirishani.

Mwalimu alikuwa chuo kikuu, akisomea udaktari, si ule wa sindano, ule wa vitabu. Alisomea wanawake wachoraji wa Ulaya ya karne ya kumi na sita na kumi na saba, na watu waliowashika mkono. Nilimuuliza kwa nini mtu wa Tanga aje China kuwasomea Wataliano. Akasema ufadhili ndio uliokuwa huku.

Alipokuwa akisoma habari zao, tamaa ikamwingia ya kuchora na yeye. Alitaka kitu kimoja tu, na alikisema waziwazi kwa kila mtu, hata kwa muuza tambi: picha moja ya mafuta, itundikwe mahali watu wanapita, na jina lake liwe chini yake. Moja, kabla ufadhili haujaisha. Hosteli ya chuo iliikataa rangi kwa sababu ya harufu. Alikuwa ameletwa stoo na rafiki yake mwenye mzigo, akatazama kuta, akatazama dirisha la juu, akatazama ufunguo shingoni mwangu.

"Wale wanawake," akasema, "karibu wote walipata karakana kwa baba. Wewe una karakana. Basi wewe ndiye baba."

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili na sijawahi hata kuchumbiwa.

Nitamwita Mwalimu tu katika maandishi haya, kwa sababu sote tulimwita hivyo, na kwa sababu nyingine itakayofika kwa miguu yake.

Kulikuwa na swali aliloliuliza mbele ya kila picha, liwe tangazo la sabuni kwenye metro au ua lililochorwa kwenye chupa ya chai. "Nani alisaga rangi?" Maana yake, nani alikuwa nyuma. Aliamini hakuna mwanamke aliyechora peke yake. Alinisimulia juu ya binti aliyechora katika karakana ya baba, na picha zikauzwa kwa jina la baba. Juu ya mke aliyezaa watoto mfululizo huku akichora wakubwa wa mji, na mumewe akaacha brashi zake akawa anamtafutia wateja na kuwafuta pua wale watoto. Juu ya dada waliofundishana kitandani. Juu ya malkia aliyemwita msichana mchoraji kasrini kwake, akamweka karibu. Alisimulia kama anasema majirani zake wa Tanga, na mimi nikawa nawaona kabisa, wamevaa kanga chini ya yale magauni yao mazito.

Basi akaanza kutugawia vyeo.

Mume alikuwa mfanyabiashara wa Arusha anayeuza vioo vya simu, mtu mpole mwenye kitambi cha heshima, ambaye kosa lake lilikuwa kusema siku moja kwamba akiwa shule alijua kuchora ng'ombe. Mwalimu akamwambia huyo ng'ombe amwache, maana kazi ya mume mwema ni kuacha sanaa yake kwa ajili ya mkewe. Yule bwana, akiwa Mlutheri na mwenye ndoa yake, alisema hilo lazima amuulize mama watoto. Akapiga simu ya video palepale, tukiwa tumemzunguka. Mkewe alisikiliza maelezo yote kwa utulivu, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kazi zenyewe ni zipi. Mwalimu akamtajia: kuchanganya mafuta, kuosha brashi, kupiga mbao misumari.

"Mchukue," mke akasema. "Lakini ajue huku nyumbani bomba la jikoni linavuja mwaka wa pili. Akishajua kuosha brashi kwako, nitayajua yangu."

Malkia alikuwa mama wa Lubumbashi mwenye duka la mawigi ghorofa ya pili katika jengo la biashara lililo mtaa wa pili kutoka kwetu. Yeye hakuhitaji kuteuliwa. Alipoelezwa tu kwamba kuna nafasi ya malkia alisema amekuwa akishangaa imechelewa wapi.

Na mwenye stoo, tajiri wetu wa Kichina, mama mfupi tunayemwita Laobanniang, yaani mama tajiri, yeye hakuambiwa chochote kwa sababu Kiswahili chake ni "rafiki", "bei" na "hakuna". Mwalimu, ambaye Kichina alikijua vizuri, alimweleza kwa kifupi kwamba anachora. Laobanniang alielewa kwamba ni mwandishi wa maki mwenye mafunzo ya juu, akaridhika.

Hapo ndipo ulipoonekana ukinyume wa Mwalimu. Mtu aliyetuhubiria msaada mchana kutwa hakuweza kuvumilia kusaidiwa. Mume akimpa brashi aliyoiosha, aliiosha tena. Mimi nikimfungulia dirisha, aliinuka akalifunga kidogo kisha akalifungua vilevile nilivyolifungua. Tukikaa tumtazame, mkono uligoma. Tukiondoka, alitufuata mpaka ngazini kuuliza tunakwenda wapi na tunamwachaje mtu peke yake kama hana ndugu. Mwisho tulipata njia. Tulikaa nyuma ya marobota ya nguo, tumempa migongo, tukizungumza kwa sauti ya kiasi. Tukinyamaza, alikohoa. Tukipandisha sauti, alikohoa vingine. Kikohozi chake kilikuwa ndio redio yetu.

Alianza na vyakula, kwa kuwa wale wanawake hawakuruhusiwa kuwachora wanaume bila nguo, wakaishia kwenye matunda na samaki. Matunda ya kweli yalioza kabla hajamaliza, maana alichora polepole, kama anayedarizi kofia. Akaenda Yide Lu akanunua vikavu: samaki, uyoga, tende za Kichina, kamba wa kukaushwa. Akavipanga kwenye sahani juu ya kasha vizuri sana, na limau moja lililokatwa, ingawa limau hakulipenda hata kwenye supu. Siku ya tatu tukakuta sahani tupu, imebaki miiba. Bwana wa Vioo alikuwa amekuja mapema, akaona chakula kimepangwa kwa adabu kiasi kile, akafikiri mke wake wa stoo amemwandalia. Alikuwa amepika supu kwenye birika la umeme. Aliomba radhi akiwa bado anafuta mdomo. Mwalimu alitazama sahani, akakaa, akachora miiba.

Halafu lilikuja jambo la watawa. Mwalimu alitusimulia juu ya nyumba moja ya watawa ya Italia ambako masista walichora karamu ya Bwana Yesu na mitume. Wanaume hawakuingia mle ndani, kwa hiyo mitume walikuwa masista wenyewe, na ndevu zikaongezwa baadaye kwa brashi. Akataka kujua ilikuwaje. Malkia akaleta mawigi ya kusokotwa, Mwalimu akatubandika nayo kidevuni kwa gundi ya kuzibia makasha, akatupanga kwenye meza ya mizani. Mimi ni Mwislamu wa Kibokoni, Mombasa, ndevu za mtume hazikuwahi kuwa katika mipango yangu. Nilisema astaghfirullah moja, nikakaa. Bwana wa Vioo, mwanamume pekee mle ndani, hakupewa ndevu. Aliambiwa ashike taa.

Laobanniang aliingia wakati ule. Alitutazama, akatazama marobota, akahesabu watu wake kwa kidole. Kisha akamwambia Mwalimu kwa Kichina kitu kirefu, na Mwalimu akatutafsiria kwa heshima kwamba mama tajiri hana neno, ila wateja wenye ndevu wanaofika leo wasaini pale mlangoni.

Mimi alinifundisha herufi. Alisema Z yangu imelewa. Alinishika mkono, akanionyesha kuvuta brashi kwa bega, si kwa vidole, na kuacha pumzi itoke mwishoni mwa mstari. Nikauliza kuna haja gani, ni makasha ya rula tu. Akasema picha zake yeye hazijatoka mlangoni, lakini herufi zangu zimeshafika Mombasa, zimebebwa mabegani mwa watu, zimesomwa juani. Usiku ule nililala nikiota maonyesho makubwa ya makasha yangu, watu wamevaa suti, wanasogea nyuma kidogo ili wamtazame ZUU vizuri.

Picha yenyewe, ile moja, ilikuwa ya Malkia. Aliketi juu ya robota kama kiti cha enzi, na kila siku alikuja na wigi jingine, kwa sababu alikuwa mfanyabiashara na hakuona faida ya kuchorwa na bidhaa moja.

"Mwalimu, ile ya jana ilitoka yote," alisema. "Sasa niko na hii fupi. Uweke hii, ma chère."

Mwalimu aliweka. Kesho yake likaja la mawimbi, keshokutwa la rangi ya shaba. Mwalimu hakulalamika hata mara moja, alisema malkia wa zamani walikuwa wabaya zaidi, walitaka na mbwa. Alipaka wigi juu ya wigi mpaka kichwa cha Malkia kikawa kimetoka nje ya turubai kama andazi. Lakini uso, jamani. Ule uso ulikuwa umechoka na unajivuna kwa wakati mmoja. Ulikuwa uso wa mtu anayelala saa chache na bado anapaka wanja. Malkia alipouona ulipokamilika alisogea mpaka pua ikakaribia turubai, halafu akasema wigi la leo libaki.

Picha ikaachwa ikauke, imeegemezwa ukutani kando ya makasha yangu. Jina Mwalimu hakuandika. Alisema atalitia siku ya kutundikwa, sisi sote tukiwepo, kwa kuwa lilikuwa letu sote kulishuhudia.

Sasa, stoo ya kago ina sheria moja juu ya zote: hakuna kitu kinachokaa bila maki. Kisicho na maki kinapotea Nansha, na kikipotea ni ugomvi. Siku ya kupakia, mimi nikiwa juu na mizani, Laobanniang alipita akaona kitu kipana hakina alama, kimekaa pamoja na vitu vyangu. Herufi zetu hajui kuzisoma, ila anazichora vizuri kunishinda. Akachukua brashi, akatazama kasha la jirani, na akanakili kwa uangalifu mkubwa, chini ya mapaja ya Malkia, kutoka ukingo hadi ukingo: ZUU MSA 1/1. Na kwa kuwa alikuwa mwema, akaongeza bilauri ya kuonyesha kinavunjika, na mishale miwili ya kuonyesha juu ni wapi.

Bwana wa Vioo ndiye aliyeikuta ikipanda lori. Aliishusha amekumbatia, suti yake yote ikaingia rangi ya shaba.

Mwalimu alipoiona alicheka. Alicheka mpaka akatafuta robota la kukalia. Alisema miaka yote amesoma jinsi picha za mabinti zinavyoishia na jina la baba, na hakujua kwamba ni rahisi hivi, kwamba inaweza kutokea kwa nia njema na usafi wa kazi. Laobanniang alicheka pia, akifurahi kwamba amesaidia. Nikasema nitafuta. Mwalimu akagusa herufi kwa kidole gumba. Wino wa maki umetengenezwa kuvumilia bahari.

"Acha," akasema. "Zimenyooka."

Halafu akaenda kuosha brashi zilizokuwa safi. Aliziosha zote, akazikausha, akaziosha tena, na siku ile yeye hakukohoa, wala sisi hatukuzungumza nyuma ya marobota.

Malkia aliitundika dukani, juu ya mawigi ya mawimbi, na watu wakaipenda vibaya sana. Walisimama ngazini. Wakauliza huyu Zuu ni nani. Mama mmoja wa Lusaka alinifuata mpaka stoo akitaka nimchore na mumewe na lori lao. Nikamwambia si mimi, mimi naandika makasha tu. Akasema wasanii wa kweli huwa wanyenyekevu. Kadiri nilivyokataa ndivyo nilivyosifika. Hata Malkia, mwanamke aliyeketi pale akaona kwa macho yake mwenyewe, nilimsikia akimwambia mteja "Zuu wangu" kwa namna iliyonitia homa.

Mwalimu alimaliza masomo, akapata udaktari wake, akarudi Tanga. Alituaga vizuri. Kwangu alisema, "Shikamoo Baba," nikaitikia, nikamwamkia, akaitikia, akapanda metro.

Ndipo nikaamua. Nilichukua brashi na wino, nikaenda dukani, nikapanda kiti, nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa. Nikamuuliza Malkia jina kamili la mchoraji wetu linaandikwaje.

Malkia akasema, "Mwalimu."

Nikasema hilo tunalijua, nataka lile la kwao. Akafungua daftari lake la wateja, akalifunga. Tukampigia Bwana wa Vioo. Yeye alikuwa amemwandika kwenye simu "Mke wa Rangi". Akampigia mkewe Arusha, ambaye nyuma yetu sote alikuwa akiwasiliana na Mwalimu habari za bomba. Yeye alimwandika "Mke Mwenzangu". Laobanniang alisema "laoshi", ambalo kwa Kichina ni mwalimu. Mimi nilimwandika "Mwalimu Picha", na pale ambapo watu huweka jina na sura zao yeye aliweka nusu ya limau. Baba, mume, malkia na karakana nzima, na hakuna aliyejua jina la mtu wetu. Huku kila mtu huitwa kwa anachouza, na hakuna anayeona kasoro. Nilishuka kwenye kiti na wino ukanidondokea kiatuni.

Nikamwandikia. Akajibu baada ya siku nzima: "Baba gani hajui alimwita mtoto wake nani?" Na chini yake limau. Nikaandika tena, nikabembeleza. Limau.

Msimu uliofuata wa maonyesho ya biashara nikasikia yupo Pazhou yanakofanyika, amekuja kumtafsiria tajiri wa Tanga anayenunua vyerehani. Niliomba ruhusa nikaenda. Pale mlango wa metro watu wanatoka kama mchele uliopasukiwa gunia, kila mmoja na beji ya maonyesho shingoni. Beji hiyo ina picha na jina kamili, bila jina huingii. Nilisimama nimeshika chupa ya wino ndani ya mfuko wa plastiki. Alitoka amekonda kidogo, amevaa viatu vya raba, akimweleza tajiri wake kitu. Na beji yake ilikuwa imegeuka. Hizo beji hugeuka zenyewe, upande mweupe ukawa mbele.

"Shikamoo Baba," akasema, kana kwamba tuliachana jana.

Sikuitikia. Nikamwambia, "Mwalimu, geuza."

Alijitazama kifuani. Alielewa palepale, nikaona. Midomo yake ilitaka kutania, nikadhani atanitumia limau kwa mdomo. Hakugeuza. Alinyanyua kidevu tu, kama mtoto anayefungwa vifungo, akangoja. Nikanyoosha mkono nikaigeuza mwenyewe.

Nililisoma kwa macho kwanza. Ni jina refu, lina sehemu tatu, na la katikati ni zuri hasa. Halafu nikalisoma kwa sauti, lote, pale katikati ya watu, na tajiri wa vyerehani akasema naam, ndiye, kwani kuna nini.

"Umelitamka sawa," Mwalimu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hujakosea hata mahali pamoja."

"Marahaba," nikamwitikia. Nikaishia hapo, sikurudisha salamu.

Jioni tulikuwa wote dukani. Laobanniang alikuja na brashi yake mpya, bado ina lebo. Bwana wa Vioo alishika taa bila kuambiwa, na mkewe alikuwa kwenye simu, ameegemezwa juu ya kichwa cha plastiki ili aone. Mwalimu alitakiwa aandike, akakataa, akasema maki ni kazi ya baba. Nikataka kuanza kwa kuipaka rangi ZUU yangu ifunikwe. Akanizuia. Akasema hiyo ibaki, watu wajue nani alisaga rangi, ila yake iwe juu na iwe kubwa zaidi.

Niliandika kwa bega. Mwisho wa kila mstari niliacha pumzi itoke. Malkia, kwa mara ya kwanza, hakuwa na wigi. Alisema hataki lolote lishindane.

Jina lenyewe mimi sitaliandika hapa. Limeshaandikwa mahali pake, na mtu akitaka kulijua apande mpaka ghorofa ya pili, kwa Malkia, juu ya mawigi ya mawimbi. Wino ni ule wa Nansha. Herufi unaziona tangu ngazini.